Kiti Nisichokikalia

6 Juni 2011

Kitabu hiki nimepewa na wakala wa forodha pale mpakani. Jalada lina maandishi ya dhahabu na limeandikwa 2008. Tarehe zake nimezikata nikaweka zangu, maana mtu aliyefika Lubumbashi, Harare na Durban hawezi kupangiwa siku na kitabu. Jina langu ni Zebedayo. Nimekuwa utingo wa malori miaka kumi na minne, sasa nipo Tunduma, nalinda na kuosha malori ya watu kwenye foleni ya kuvuka. Shule niliishia darasa la tano. Si kwamba nilishindwa. Mwalimu alichoka kabla yangu.

Naandika kwa sababu jana nimesema neno kanisani mbele ya watu, nataka liwe na ushahidi.

Mambo yenyewe ni haya. Kanisa la kijijini kwa mke wangu Roda, huko juu ya Mlowo, lina kambi ya siku saba kila mwisho wa mwezi wa saba. Wanalala kwenye mahema, wanaimba, wanahubiriwa, wanachinja. Mimi sijawahi kwenda, miaka yote nilikuwa barabarani. Lakini mama yake Roda, mkwe wangu, amekwenda kambi thelathini bila kukosa hata moja. Mwaka jana aliteleza shambani kwenye mtaro wa kahawa, nyonga ikaumia. Anatembea na fimbo, polepole, lakini anatembea. Ila chini hakai. Akikaa chini, kumwinua ni kazi ya watu wawili na maombi.

Sasa kambi ya mwaka huu ni Ileje, juu ya kilima mbele ya Isongole. Lori linaishia mtoni, halafu mnapanda kwa miguu muda wa saa mbili. Jana Mzee Hezron, mzee wa kanisa, akasimama na karatasi yake. "Sheria ni ya mwaka jana," akasema. "Kila mtu abebe blanketi lake na kiti chake. Asimpe mwenzake ambebee. Asiyeweza abaki nyumbani, tutamletea mahubiri kwenye kanda."

Kisha akasoma majina ya wa kubaki. La kwanza lilikuwa la mkwe wangu.

Mimi upande wa wanawake siutazami, lakini kilemba chake nilikiona kimeinama. Nikajikuta nimesimama.

"Mzee Hezron, huyo mama atapanda. Atabeba kiti chake mwenyewe, na atakaa mstari wa mbele."

"Kiti gani hicho, Zebedayo?"

"Wewe hujakiona. Mimi nimeona viti vya nchi saba."

Watu wakacheka. Wacheke. Limeandikwa.

8 Juni

Upepo. Nimekula ugali na vumbi, vumbi lilikuwa jingi kuliko ugali.

11 Juni

Leo nimepita madukani kama mkaguzi wa serikali. Kigoda: chepesi, lakini kifupi, na nyonga mbovu haitaki kwenda chini. Kiti cha plastiki: chepesi kweli, ila hakikunjiki, na kile kilima kina upepo, kitamrusha mama wa watu mpaka Malawi wakati pasi hana. Kile cha chuma cha kukunja, cha kumbi za harusi: nilikibeba kutoka mlangoni mwa duka mpaka barabarani, bega likaniuliza limenikosea nini.

Kwa hiyo kiti ninachotaka kikunjike, kifike gotini, kiwe na mikono ya kujiinulia, kisizame kwenye udongo laini. Uzito nilimwambia Roda aulize kwa simu. Jibu la mkwe, aniitaye kwa jina la mwanangu, lilikuwa hili: "Mwambie baba Osea, uzito wa mtoto mchanga nauweza. Zaidi ya hapo hapana."

Mtoto mchanga. Sawa. Kilo tatu, na mimi nitaleta pungufu.

12 Juni

Hapa niweke jambo wazi, maana kitabu hiki kinaweza kusomwa na mtu wa pwani. Sisi Wanamwanga, na Wanyiha wa kwa mke wangu ni hivyohivyo, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Nikifika kwake nakohoa getini, yeye anazunguka nyuma ya jiko. Akitaka kuniambia kitu anamwambia Roda, nami nasikia. Roda asipokuwepo anauambia ukuta. Hatushikani mkono, hatuli pamoja, na mimi nikikalia kiti, kiti hicho yeye hakalii tena mpaka kufa. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, sura yake naijua kwa picha.

Siku zote nimeamini hanipendi. Alitaka binti yake aolewe na mwalimu, akaletewa utingo.

Roda leo ananiambia, "Baba Osea, kwa namna ninavyokujua. Hicho kiti usije ukakikalia."

Nikamwambia mimi si mtoto.

15 Juni

Foleni ya malori imefika karibu na Chapwa. Madereva wana siku tano hawajasogea, na mimi nimeshika kazi tatu: nalinda, naosha, nawapikia nshima, ugali wa Kizambia. Huwezi kunifundisha nshima, nimejifunza Kitwe. Ada ya kambi kwa watu watatu, mimi, Roda na mama yake, itatoka hapa hapa, kwenye sufuria.

Na kiti nimekiona. Kipo chini ya trela ya Mulenga, dereva wa Kizambia kutoka Kitwe, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu. Mabomba ya alumini, nguo ya buluu, mikono miwili. Ukikifunga kinajikusanya kama mwamvuli kinaingia kwenye mfuko wake. Nilikipima kwa macho nikaona ni kichanga kabisa.

"Shani, mudala," nikamsalimia kwa lugha ya kwao, yaani habari, mzee.

"Bwino, Zebe."

"Niuzie kiti."

"Awe." Hiyo ni hapana ya Kibemba.

"Nimekupikia siku nne, bwana."

"Na mimi nimekulipa siku nne."

"Basi nikikalie kidogo nikijue."

"Awe. Hiki anakikalia Mulenga tu. Hata mke wangu hajakikalia."

Nikamwambia viti kama hicho kule Durban wanavifungia mbwa. Akacheka, akanyoosha miguu.

16 Juni

Nshima ya Mulenga nimeipika nusu mbichi. Ameimaliza.

20 Juni

Nimekwenda kwa Salum, fundi wa maturubai. Yeye ni mtu wa Kondoa, kilo mia moja na kitu, ana cherehani inayotoboa hata ngozi ya ng'ombe. Tunduma nzima inamjua kwa ubahili. Sindano ikivunjika anaihifadhi kwenye kopo. Nilimchorea kiti cha Mulenga kwenye karatasi.

"Hiki ni kiti au ni ramani ya Kongo?" akauliza.

"Wewe shona tu. Mabomba ninayo."

Mabomba niliyaokota kwenye antena za zamani. Siku hizi kila mtu ananunua dishi, antena zimetupwa nyuma ya nyumba kama mifupa. Ni alumini, nyepesi kama hewa. Tukafunga, tukashona, tukakisimamisha. Kizuri.

"Kalia," nikamwambia Salum. "Mimi siruhusiwi, ni cha mkwe."

Alikalia. Ilikuwa kama kuona daraja likivunjika: mguu mmoja kwanza, halafu mingine mitatu ikaona aibu kubaki. Salum alibaki sakafuni, akaangalia dari.

"Zebedayo," akasema taratibu. "Huyu mkwe wako, unampenda au una kesi naye?"

22 Juni

Salum ameniita. Nilidhani anadai fidia ya makalio. Kumbe amekuwa akiwaza. "Tafuta mianzi," anasema. "Iliyokomaa, miembamba. Ianike wiki tatu kwenye bati, maji yatoke. Mwanzi mbichi ni mzito na unapinda. Ukikauka, hata mimi sitauvunja."

Mianzi nimeagiza kwa mtu wa Isongole, imefika jioni juu ya pikipiki.

25 Juni

Roda ametoka kwa mama yake na kipimo. Ni kamba ya katani yenye mafundo mawili: fundo la kwanza ni unyayo, la pili ni goti. Nimeitundika ukutani. Ni ajabu. Mkwe wangu simjui pua, lakini goti lake najua lilipo.

3 Julai

Baridi. Mianzi imeanza kupauka.

9 Julai

Foleni imepungua. Wamefungua dirisha la pili ofisini kule mpakani, na kila anayesifu maendeleo namwangalia vibaya. Hata hivyo ada ya watu watatu nimeshaikamilisha, nimempa Roda aipeleke kwa Mzee Hezron. Hezron ameipokea, amesema, "Ya mama yenu nitaishika kando. Asipoweza kubeba pale mtoni, nitairudisha."

Aishike vizuri isimchome.

16 Julai

Siku kubwa.

Kiti kimekwisha juzi. Miguu ya mianzi, imekazwa kwa mikanda ya ngozi. Nguo ni turubai la kijani. Chini ya kila mguu kipande cha kandambili ya tairi ili kisizame. Kinakunjika. Salum amekikalia mara tatu na chai mkononi. Hakikulia hata kidogo.

Leo nikakipeleka Mlowo, Roda aje akichukue ampelekee mama yake. Nilifika mapema, na mimi mapema haijawahi kunifaa. Nikaingia kwenye ghala la mnunuzi wa mahindi, nikaomba mzani. Kilo moja na nusu. Wapagazi wakaja, wanawake wa sokoni wakaja, kila mmoja anakinyanyua kwa kidole. Nikawaeleza habari za viti vya Durban. Nikawaeleza kuhusu Hezron. Nikaeleza sana.

Mnunuzi mwenyewe, mtu mwenye kalamu sikioni, akasema, "Chepesi hivi kitambeba nani? Labda kuku."

Watu wakaangua kicheko. Na mimi, mtoto wa kiume wa Tunduma, damu ikapanda kichwani. Nikakifungua katikati ya ghala, nikakaa. Nikapandisha mguu juu ya mguu. Nikamwambia, "Leta kahawa." Watu wakapiga makofi.

Hapo ndipo nikamwona Roda mlangoni, na nyuma yake wanawake wawili wa kanisani kwao.

Alifunga khanga yake kiunoni, akageuka.

17 Julai

Sikulala vizuri, sasa naandika.

Nilimkuta Roda stendi ya Mlowo amekaa juu ya gunia la mtu. Nikamwambia, hakuna aliyeona. Akasema, "Walioona ni Mama Kefa na dada yake. Saa hizi mama ameshajua, na Hezron ameshajua, na mbuzi wameshajua." Nikamwambia nitakifuta kwa sabuni. Akaniangalia. "Kiti si sahani, Baba Osea."

Nikasema basi, mama mwenyewe atakuwa na busara, kiti ni kiti. Hapo ndipo alipolia. Akasema, "Anakaa na huzuni, lakini hawezi kukalia ulipokalia wewe. Ukimwambia akikalie, ni kama unamwambia wewe si mkwe wake, ni mtu tu. Kwa miaka yote hii anakuzungukia nyuma ya jiko na nyonga ile, unafikiri ni kwa sababu hakupendi?"

Nilikuwa sijalifikiria hivyo. Kweli. Tangu aumie, nikikohoa getini bado anasikika akijivuta na fimbo kuzunguka jiko, mwendo wa dakika tano, ili anipe heshima yangu. Na mimi heshima yake nimeikalia ghalani Mlowo, mguu juu ya mguu, kwa ajili ya wapagazi.

Zimebaki siku kumi na mbili. Mianzi mipya haiwezi kukauka. Hela imeingia kwenye ada. Foleni haipo.

Jioni simu ikaja, ni Hezron mwenyewe. "Zebedayo, nimesikia. Usijisumbue tena. Tutamletea kanda."

Nikamwambia, "Mzee, kanda hiyo wasikilize kuku. Mama anapanda."

Nikakata. Halafu nikakaa kitandani nikajiuliza anapanda na nini.

18 Julai

Sina la kuandika. Salum amenipita njiani akasema, "Pole, mkaa-vitini." Habari imefika hadi Kondoa.

20 Julai

Mulenga amerudi, anashuka kutoka Dar es Salaam na mzigo. Nilimkuta chini ya trela amekaa juu ya dumu la mafuta, sura imemshuka.

"Kiti kiko wapi, mudala?"

Akakitoa. Mabomba mazima, lakini nguo ya buluu imechanika katikati kama mdomo. Alikaa nayo mvua na jua miaka sita.

Nikaenda nyumbani mbio, nikarudi na kiti cha mianzi, nikakifungua mbele yake. Nikasema, "Kalia." Akakalia. Akasogea kushoto, akasogea kulia. Akanyoosha miguu, na ile sura ikarudi.

"Nani ametengeneza?"

"Mimi." Nikakumbuka. "Mimi na Salum."

"Unauza?"

"Awe," nikamwambia. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo mwezi mzima. "Tunabadilishana. Unanipa hicho kilichochanika."

Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. "Hiki kibovu? Kwa hiki kizuri?"

"Kwanza niapie. Hicho, kuna mtu mwingine amewahi kukikalia? Hata mara moja?"

"Zebe, nilikuambia siku ile. Mulenga tu."

Tukapeana mikono. Alicheka, nikacheka kuliko yeye. Kile kilichoniudhi mwezi wa sita ndicho kilichoniokoa mwezi wa saba. Njia nzima nilikibeba kwa mikono miwili mbele, mbali na mwili, kama mtu aliyebeba sufuria ya moto.

22 Julai

Salum amekishona upya kwa turubai nzito, mishono mitatu mitatu, na ameongeza mfuko wa fimbo pembeni ambao mimi sikuuwaza. Mzani: kilo mbili na robo. Nikauliza nampa nini.

"Hiyo nguo ni mabaki," akasema.

"Na kazi?"

Akaendelea kukata nyuzi. "Mama yangu yupo Kondoa. Mwaka wa tisa huu nashonea malori." Halafu akanyanyua kichwa. "Ukikikalia hiki, Zebedayo, nitakukalia wewe."

Yeye ndiye aliyekijaribu. Hakikutikisika. Nitakayemsikia tena akimwita mtu huyu bahili atanijibu mimi.

25 Julai

Roda amekipeleka. Mama yake alikizunguka na fimbo, akauliza, "Kimekaliwa na nani?"

Roda akamjibu, "Mzambia wa Kitwe na Mwislamu wa Kondoa."

Akafikiri. "Hao si wakwe zangu," akasema, akakaa.

Roda anasema alikaa mpaka maharage yakaungua.

Ameniambia na jambo jingine, kuhusu Hezron. Mke wake, Fides, nilijua amefariki, lakini sikujua vipi. Kumbe kambi ya mwaka juzi mizigo ya wazee walipewa vijana waibebe. Vijana wakaichoka, nusu wakaiacha njiani. Fides alilala siku mbili chini, bila blanketi, na baridi ile. Walimrudisha anakohoa, hakumaliza mwezi. Sheria ya kila mtu abebe chake ilitoka hapo.

Nilikuwa nimemwandalia Hezron maneno ya kumwambia juu ya kilima. Mengine nimeyafuta. Si yote.

30 Julai

Naandika nikiwa juu. Tumefika. Niseme yote.

Jana lori lilitupokea Mlowo alfajiri, likatushusha mtoni kabla ya saa sita. Hezron akasimama kwenye kivuko na karatasi yake, anakagua mmoja mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa na kiti cha mninga, cha mikono mipana, kile cha sebuleni kwake. Kizito kama dhambi. Hakumpa mtu.

Ikafika zamu ya mkwe. Mimi nilikuwa nyuma kabisa nimegeukia maji, nasikia tu. Hezron alikinyanyua kiti. Akakipima mkononi.

"Na utakibebaje, mama? Mkono mmoja una fimbo."

"Kama nilivyobeba watoto saba," mkwe akajibu.

Nikaiba jicho, Mungu anisamehe, mgongo tu. Alikuwa ameinama, Roda hakumgusa. Akakiweka kiti mgongoni kwenye mfuko wake, akazungusha mbeleko, akafunga fundo kifuani, akajitikisa mara mbili kukaa sawa. Blanketi kichwani. Fimbo mkononi. Akaanza kupanda.

Ikabaki zamu yangu.

"Kiti chako, Zebedayo?"

"Sina. Nilikitoa."

"Sheria unaijua."

"Naijua. Nitakaa chini."

Uso wake ukabadilika. "Chini hapana," akasema, na sauti haikuwa ya mzee wa kanisa. "Huko juu chini hakukaliwi."

"Mzee, mimi nimelala chini ya malori nchi saba. Ondoka njiani."

Nikapita. Karatasi ilibaki mkononi mwake.

Njia ni nyembamba, watu wanafuatana kama siafu. Vijana walitangulia, nyimbo zao zikapotea juu. Nyuma tukabaki wanne: mkwe na Roda mbele, mimi hatua hamsini nyuma yao kama inavyotakiwa, na Hezron nyuma yangu na mninga wake kichwani. Kila mkwe alipochoka alifungua mbeleko, akakifungua kiti palepale njiani, akakaa akitazama juu. Nasi wote nyuma tukasimama. Akipumua vya kutosha anakifunga, anakibeba, tunaendelea. Msafara mzima wa nyuma ulikwenda kwa mwendo wake.

Mara ya nne nikasikia kishindo. Mninga ulikuwa chini, Hezron ameuegemea. Ana miaka sabini yule.

Nilikuwa nimeisubiri picha hiyo tangu mwezi wa sita. Nikaiangalia. Haikuwa tamu.

Nikarudi kwake. "Mzee, nipe."

"Kila mtu abebe chake," akasema, pumzi hakuna.

"Kila mtu abebe kiti. Mimi sina kiti, nimevunja sheria toka mtoni, umeniona. Nipe hiki nami nitimize sheria."

"Na mimi nitakuwa sina."

"Basi wewe ndiye utakayekuwa umevunja. Utajisoma kwenye karatasi yako."

Nilidhani atanilaani. Mdomo wake ukacheza upande mmoja, akaachia kiti. Nikakitwisha kichwani kitingo, mikono hewani, ajue alikuwa anacheza na nani. Shingo ilinilia lakini uso wangu haukusema.

Nikanyanyua macho, na mkwe alikuwa amesikia. Amekaa kwenye kiti chake hatua hamsini mbele, mgongo kwetu, lakini alikuwa amegeuza sikio. Akasimama, akakibeba mgongoni, akafunga fundo. Halafu akaanza kukipigapiga kwa mkono wa nyuma, kama anabembeleza mtoto, akasema kwa sauti ya kusikika bondeni:

"Nyamaza, mwanangu. Baba yako anakuja nyuma. Mwambie baba yako asikimbie, hicho alichobeba ni kizito."

Roda akaziba mdomo. Mimi nilisimama na mninga wa mtu kichwani. Miaka kumi na mmoja nimezungumziwa ukutani.

Nikajibu, nikitazama majani. "Mtoto, mwambie bibi yako baba hajachoka. Alishabeba jenereta Kasumbalesa."

"Mwanangu," akasema mkwe, anaanza kupanda, "baba yako ana maneno mengi. Lakini anatembea."

Tukaenda hivyo mpaka juu. Yeye anakiambia kiti, kiti kinaniambia mimi. Tumeongea mvua, bei ya kahawa, Osea na shule yake ya bweni, antena iliyomwangusha Salum. Alicheka hapo, ikabidi akae tena. Hezron nyuma yangu nilimsikia akicheka puani.

Kambini mkwe alikwenda moja kwa moja mstari wa mbele, akakifungua kiti, akakaa, fimbo kwenye mfuko wake. Kambi ya thelathini na moja. Hezron alipoanza kuita majina aliita la mkwe kwanza.

31 Julai

Baridi ya huku haina adabu. Nilikaa chini ibada moja tu. Ya pili nikakuta gogo limeviringishwa mahali pangu, na blanketi limekunjwa juu yake. Ni la Hezron. Nilipomtazama alikuwa anajifanya anatafuta mstari kwenye Biblia.

3 Agosti

Uimbaji. Mimi nina sauti bora kuliko kwaya, wamenikataza kwa wivu.

7 Agosti

Tumerudi Tunduma jana. Kushuka kulikuwa rahisi. Kiti kilikuwa na maneno njia nzima.

Leo asubuhi Roda amefika kutoka Mlowo na kiti begani. Nikadhani kimerudishwa.

"Mama anasema ukae nacho wewe mpaka mwakani," akasema Roda. "Kwake kuna panya, watakula turubai. Na wageni wake hawana adabu, wanakaa popote."

"Nikae nacho mimi?"

"Amesema, ukague mishono, upake mafuta viungo, mwezi wa saba umpelekee. Amesema kambi ya thelathini na mbili ni mbali zaidi. Na amesema nikuambie neno moja la mwisho."

"Lipi?"

"Usikikalie."

Nimekitundika ukutani juu ya ile kamba ya mafundo mawili. Jioni hii wamekuja watu wanne kukiona, na kiti kingine ndani ni kimoja tu. Salum ameletewa ndoo akalie. Nimewaambia wote, na naandika hapa ili ajaye baada yao asome mlangoni kabla hajauliza: akija diwani, akija mkuu wa wilaya, akija rais na king'ora chake, ndoo ipo.